Mizigo kwa Jina la Gladness

Machame, Jumanne 4 Machi

Dada Stella, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Habari za Mtwara, habari za joto, na presha yako inaendeleaje? Unameza dawa kila siku, au ndiyo ule ukaidi wenu wauguzi wa kuwakaripia wagonjwa na ninyi wenyewe hamfuati? Sisi huku tunaendelea kwa neema. Mimi ni mgongo tu, Baba Praygod ni magoti yake yale yale, mkwe wetu Gladness na mtoto wazima kabisa. Praygod bado yuko Geita mgodini, anakuja akipewa likizo.

Uliniomba kitu cha ajabu kidogo. Ulisema kwenye simu tunaulizana hali mpaka salio linakwisha, na wewe unataka kujua nyumbani kunakwendaje: mvua imenyesha lini, mgomba gani umeanguka, nani kagombana na nani. Nikuandikie masika yote, halafu nikutumie daftari kwa basi kabla hujastaafu na kurudi mwezi wa saba. Haya, daftari ndilo hili. Mimi niliishia darasa la saba, usije ukanisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Nianze na mtoto wako. Sifa ni mzima, mtamba mwenye ngozi inayong'aa, na mimba imeshika. Daktari wa mifugo alimpima akacheka, akasema Agosti dada yangu atakunywa maziwa. Unajua ninavyomtunza ng'ombe niliyewekewa. Mbolea ni yangu kwa kazi yangu ya kumkatia majani, lakini ng'ombe ni wako, na asubuhi namwekea yeye kwanza ndipo niende kwa Neema, ng'ombe wangu mzee. Mama alitulea hivyo. Unakumbuka mwaka ule ng'ombe wa mjomba alipofia kwetu? Mama alibeba ngozi kichwani mpaka kwa mjomba, ili aione kwa macho kwamba hatukumla.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ukishuka kwenye basi unaanza na ng'ombe wako bandani, hutakuwa mstaafu wa kukaa barazani kuhesabu wapita njia.

Jumapili 9 Machi

Mvua bado. Mlima umejifunika tangu asubuhi. Ibada ilikuwa nzuri.

Alhamisi 13 Machi

Leo nimeletewa zawadi, na kwa umri huu nimecheza kama binti. Godlove, yule kijana wa bodaboda wa njia panda, amepandisha na boksi kubwa. Ndani kuna sufuria ya umeme inayopika maharage ukiwa unafagia, inajizima yenyewe na kupiga kengele. Baba Praygod aliiona kwenye simu, akamwomba Gladness amwagizie, kwa kuwa yeye hakujua pa kubonyeza. Imetoka Dar mpaka mlangoni kwangu. Hatukuvaa viatu kuifuata!

Nilipika mtori humo. Baba Praygod akawa ananiangalia anacheka.

"Mama Praygod, umeona? Sisi tulidhani dunia iko mjini, kumbe iko mfukoni."

"Hela umetoa wapi, mume wangu?"

"Ya kahawa. Kula, usihoji."

Nikala. Mtori ulikuwa laini kama wa mama.

Jumatano 19 Machi

Mvua imeanza. Ilipiga mabati tukashindwa kusikilizana mezani. Asante Yesu.

Jumanne 25 Machi

Godlove amekuja tena. "Mzigo wa Gladness!" anaita kutoka getini, mpaka majirani wanachungulia. Boksi dogo, refu. Gladness akalipokea akaingia nalo ndani ameinamisha kichwa. Sikuuliza. Msichana naye ana mahitaji yake.

Jambo la kunifurahisha: Baba Praygod amewekewa Biblia kwenye simu. Sasa jioni anakaa barazani na miwani yake, anasoma kwa kidole, saa nzima hata hajibu ukimwita. Nimesema moyoni, Mungu ukitaka kumvuta mtu unaweza hata kwa simu.

Jumamosi 29 Machi

"Mzigo wa Gladness!" Mara hii mawili. Godlove akanitania, "Mama, hii nyumba yenu nitaiandika stoo ya mtandao." Nikamwambia ashuke polepole, njia inateleza.

Jumatano 2 Aprili

Mzigo mwingine. Mvua kutwa.

Jumapili 6 Aprili

Leo mhudumu wa zamu alikuwa mume wangu. Alisimama mbele na koti lake la kijivu, akasoma somo la yule tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi, kisha akatufafanulia kidogo. Alisema tamaa siku hizi haiji kwa miguu, inaingia mpaka kitandani kwa mtu. Wamama tulitikisa vichwa. Mzee Ebenezeri, jirani yetu, anayekaa naye benchi moja la wazee wa kanisa, akaguna kwa kukubali mpaka mbele walisikia. Nilijisikia fahari, dada, nisikudanganye. Nilimtazama Gladness aliyekaa mwisho wa benchi na mtoto nikafikiri, natumaini unasikia.

Alikuwa analia. Nilidhani ni Neno limemchoma.

Alhamisi 10 Aprili

Nimeshinda shamba la chini kupanda mahindi, matope mpaka magotini. Nimerudi bandani nikakuta Neema peke yake analia. Nusura nipige yowe.

Baba Praygod akatokea. "Tulia, mama. Nimempeleka Sifa Old Moshi kwa Elisaria. Humu mmejaa maji, kwato zake zimeanza kuoza. Elisaria ana banda la saruji. Akae huko mpaka mvua ikate."

Elisaria unamfahamu, binamu yake mwenye kicheko. Na ni kweli banda letu lilikuwa bwawa. Ng'ombe wa kuwekwa huwekwa tena, hilo si jambo geni kwetu. Nilichukia tu kidogo kwamba hakunisubiri nimuage.

"Ungeniambia nimpakie hata chumvi."

"Gari lilikuwa linapita, nikaona nisipoteze nafasi."

Nimemsifu kwa kufikiria mali ya shemeji yake. Nakuandikia hivyo ili ujue nilimsifu.

Jumatatu 14 Aprili

Leo nimekosana na Gladness.

Godlove alileta boksi zito, akasaidiwa kulishusha. Gladness hakuwepo, alikuwa kisimani. Nikalipokea mimi. Limeandikwa jina lake na namba yake ya simu. Nikaliweka katikati ya sebule nikakaa mbele yake kama polisi. Baba Praygod alikuwa mezani anakunywa chai.

Alipoingia nikamwambia, "Gladness, mwanangu, hiki ni nini?"

"Ni mzigo, Mama."

"Naona ni mzigo. Wa nani?"

Akamtazama baba mkwe wake, akatazama chini.

"Mume wako anashuka chini ya ardhi huko Geita, hajui kama atatoka. Anakutumia hela ya mtoto. Wewe unabonyeza, unabonyeza. Kila wiki boksi! Una miguu mingapi ya kuvaa hivyo vitu? Kwenu mlikuwa na nini hata huku uone huwezi kuishi bila maboksi?"

Nilimtaja mama yake. Nilimtaja baba yake aliyekufa. Dada, ulimi ukishatoka haurudi na kitu mkononi. Yeye hakujibu hata neno. Machozi yanadondoka kwenye ndoo. Na Baba Praygod akamalizia chai yake, akatia tena sukari, akasema kwa upole, "Basi, mama, mtoto amesikia."

Nikampigia Praygod. Nikamwambia amtazame mke wake.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Gladness ameondoka na mtoto kwenda kwao Masama. Ameacha chumba amekifagia, na kanga yangu aliyoazima ameikunja juu ya kitanda. Praygod amempigia akamtukana, hilo nimelisikia kwa majirani. Ibadani tuliimba msalaba, mimi nikawa natazama mahali anapokaaga.

Pasaka, 20 Aprili

Kafufuka. Tumekula wawili.

Jumapili 27 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mgomba wa mshare karibu na choo umelala chini na mkungu wake. Nimemuuliza Baba Praygod habari za Sifa. Anasema anaendelea vizuri, Elisaria amesema anakula kama mbunge. Nilicheka.

Jambo moja limenishangaza. Maboksi yamekoma kuja nyumbani. Nikasema, unaona, mwenyewe ameondoka. Lakini leo Godlove alipita njiani hakunisalimia vizuri. Alisema "shikamoo" akiangalia tanki la pikipiki.

Jumamosi 3 Mei

Nikwambie jambo langu mwenyewe. Baba Praygod alienda kwenye kikao cha wazee akasahau simu kwenye chaji. Nikaichukua nitafute Biblia, nisome hata zaburi moja. Nilipoigusa likafunguka duka. Vitu, dada! Unasukuma kwa kidole, havina mwisho. Nikaona kitenge cha rangi ya kahawia chenye maua madogo, kile cha kuvaa nikikupokea wewe stendi. Chini pameandikwa nunua sasa. Kidole changu kilikuwa juu yake. Sikuwa nakihitaji kitenge. Ninavyo. Lakini kilikuwa karibu sana.

Nimekaa nikafikiri. Zamani ukitamani kitu cha mjini, unasubiri siku ya soko. Unaoga, unavaa, unashuka mpaka Moshi, jua linakuwakia, muuzaji anakudharau, mnabishana, unaanza kujiuliza hivi kweli nakihitaji. Nusu ya tamaa ilikuwa inaishia njiani kwa uchovu. Siku hizi njia imeondolewa, umebaki wewe na kitu. Hata muda wa kuona aibu hakuna.

Niliizima simu. Nikasema Gladness ameacha uchafu wake humu mpaka kwenye simu ya mzee wa watu.

Halafu nikakumbuka Gladness ameondoka tangu Ijumaa Kuu, na lile duka lilikuwa limefunguliwa leo asubuhi.

Sikutaka kufikiri zaidi. Nikaenda kukata majani ya Neema.

Alhamisi 8 Mei

Nimekaa na daftari hili muda mrefu kabla ya kuandika.

Asubuhi nilimwambia Baba Praygod nashuka mjini kununua dawa ya mgongo. Huo ulikuwa uongo wangu, Mungu anisamehe. Nilifunga magadi na chumvi kwenye kitambaa, nikachukua ndizi mbivu, nikashuka Moshi, nikapanda tena mpaka Old Moshi kwa Elisaria. Mvua ilikuwa manyunyu. Nilikuwa najiambia kwamba nakwenda kumwona Sifa tu, mimba yake ni kubwa sasa, anahitaji magadi.

Elisaria alikuwa anapogoa kahawa. Aliponiona akaacha mkasi ukining'inia kwenye tawi.

"Karibu, shemeji. Mbona bila taarifa?"

"Nimekuja kumsalimia mtoto wa dada. Nimemletea chumvi."

Akaangalia kile kitambaa mkononi mwangu. Yule mtu mcheshi hakucheka. Akasema, "Ingia kwanza unywe chai."

"Chai nitakunywa. Niko na haraka ya kumwona."

"Shemeji, kaa."

Nikaenda bandani mwenyewe. Ni kweli lina saruji. Kulikuwa na ng'ombe wake mweusi na ndama dume wawili. Nilitazama mpaka kwenye pembe za banda, kana kwamba ng'ombe anaweza kujificha nyuma ya ndoo.

Elisaria akaja nyuma yangu. "Mumeo alinipigia simu wiki nne zilizopita. Akaniambia ukiuliza, niseme yupo. Nikamwambia, mbe, bwana, kwenye simu nitasema, maana wewe ni ndugu yangu. Lakini akija mwenyewe, mimi siwezi. Sikujua utakuja na chumvi."

"Yuko wapi?"

"Kauzwa, shemeji. Siku ile ile alipotoka kwenu. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mtu wa Boma. Nimemtafuta huyo mtu kwa ajili yako, kweli, amesema alishamvusha Arusha, hajui kwa nani."

Nilimpa magadi na chumvi ng'ombe wake mweusi. Sikuwa na la kufanya nayo. Elisaria akanishukuru, "aika mae," kwa sauti ndogo, kama mtu wa msibani.

Ijumaa 9 Mei

Nilimsubiri amalize kula. Sikutaka aseme kwamba nilimnyima chakula.

"Baba Praygod, jana nilikuwa kwa Elisaria."

Aliweka kijiko. Hakukana. Hilo nalo liliniuma, kwamba alikuwa ameshachoka kukana kabla hata sijamuuliza. Akanyanyuka, magoti yakalia, akaniita tukaenda stoo ya kahawa. Akapanda kwenye ngazi polepole, akaanza kushusha maboksi kutoka darini. Yote yana jina la Gladness.

Buti za mlimani, mpya, bado zina karatasi ndani. Fimbo mbili za kupandia zinazokunjwa. Taa ya kichwani. Koti la baridi jekundu. Darubini. Saa inayopima mapigo ya moyo. Begi kubwa la mgongoni lenye mikanda mingi. Buti nyingine, za rangi tofauti. Vitu vya kupandia mlima, dada, vya mtu ambaye hawezi kwenda chooni bila kushika ukuta!

Nikasema, "Vya nani?"

"Vyangu."

"Unakwenda wapi navyo?"

Akakaa juu ya gunia. Akasema maneno nitakayokuandikia kama alivyoyasema, maana nataka uwe na haki ya kuyasikia.

"Ujana wangu wote nimepanda ule mlima na mizigo ya wageni, nimevaa viatu vya watu. Mgeni akimaliza safari ananivulia vyake vilivyochakaa, nasema asante sana, najaza soksi ili vinitoshe. Kofia ya mtu, koti la mtu, limeandikwa jina la mtu kwa ndani. Sijawahi kuvaa kitu cha mlimani kilichonunuliwa kwa ajili yangu. Ile jioni nilikuwa natafuta neno kwenye simu, likatokea tangazo la buti. Saizi yangu. Nikasema moja tu. Zikaja. Nikazivaa humu humu stoo. Halafu ile simu ikajua ninachopenda, kila nikifungua ananionyesha."

"Nani anakuonyesha?"

"Hiyo simu."

"Na Sifa?"

"Nilisema nitanunua mwingine kabla Stella hajaja. Kahawa ingetoka."

Nilimhurumia. Mungu anajua, nilisimama pale nikamhurumia yule kijana aliyejaza soksi. Hata ile sufuria yangu niliiona mbele ya macho, maana nayo ndiyo iliyofungua mlango, na mimi nilikula mtori nikaambiwa nisihoji. Lakini kuna kitu kilikuwa hakijasemwa.

"Siku ile nilipomsema Gladness, ulikuwa mezani."

Akaokota fimbo moja, akaikunja.

"Ulitia sukari."

"Mama Praygod..."

"Nilimtukana marehemu baba yake. Wewe unatia sukari. Kwa nini hukunyanyua hata mkono?"

Akasema, "Nakujua. Hasira yako haikai. Nilijua itapita."

Ndiyo hivyo, dada. Mume wangu alinijua vizuri, akautumia ule ujuzi. Nimeishi naye, nimemzalia, nimemsitiri kanisani na nyumbani, na yeye alikuwa amenipima kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka.

Jumapili 11 Mei

Alikuwa kwenye benchi la wazee. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Chakula cha Bwana kilipogawiwa sikwenda.

Jumatano 14 Mei

Nimekwenda Masama kwa akina Gladness, na mkungu wa ndizi begani kama mposaji. Mama yake alikuwa uani. Akanipokea hivi:

"Karibu, mama wa nyumba isiyo na maboksi."

Nilistahili. Nikasema asante.

Gladness alikuwa anamenya ndizi, mtoto mgongoni. Akainuka kunisalimia, "Shikamoo Mama," kama kawaida, akanipa kiti chenye mto. Nikashindwa kukikalia. Nikapiga magoti pale pale kwenye matope. Yule binti akapiga kelele.

"Mama, inuka! Usinifanyie hivyo, utaniletea laana!"

"Nimekusingizia, mwanangu. Nimemtaja baba yako."

"Inuka kwanza."

Wakaninyanyua wote wawili, na mama yake akiwa wa kwanza, akinipangusa gauni. Nikamuuliza kwa nini hakusema hata neno.

Akasema, "Ile ya kwanza, ya sufuria, nilimsaidia kwa furaha. Halafu akaniambia, 'Mwanangu, weka jina lako na namba yako, mimi ni mzee wa kanisa, watu watasema.' Nikasema moja tu. Baadaye akawa anaagiza mwenyewe, jina limeshakaa humo. Godlove ananipigia mimi."

"Ungeniambia."

"Nimseme baba mkwe mbele ya mama mkwe? Wewe Mama, ulipokuwa mkwe kwa Babu, ungeweza?"

Nisingeweza. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha siku alipoingia kwangu. Nilimwambia mkwe mwema ni kaburi. Nilimpa jembe akanichimbia.

"Nilimtazama Baba siku ile," akasema. "Nilikuwa namwomba kwa macho. Nilidhani angalau atakohoa."

Nikamwomba turudi. Akakataa kwa heshima. Alisema hana kinyongo na mimi, na Praygod ameshampigia kumwomba msamaha baada ya mimi kumweleza ukweli. Ila atarudi siku baba mkwe wake akija mwenyewe kumchukua. "Asiseme maneno mengi. Aje tu watu wamwone anakuja."

Jumanne 20 Mei

Nimempa ujumbe. Akasema atakwenda mvua ikipungua.

Jumamosi 24 Mei

Mvua imepungua. Hajakwenda. Amepeleka jozi moja ya buti kuwauzia waongoza watalii getini Machame, wakamwambia wao wanapewa bure na wageni.

Alhamisi 29 Mei

Mzee Ebenezeri alikuja jioni, kabla jua halijazama, amevaa rasmi. Nilijua kabla hajakaa. Mkononi ana majani mawili ya sale, mabichi, yamefungwa fundo. Hujasahau huko pwani maana yake. Mtu akikuletea sale, amekiri, na wewe ukilikataa ndiye unayebaki na kosa. Sisi tunasali kanisani, lakini sale hakuna mchungaji wa huku aliyewahi kulicheka.

"Mama Praygod, nimetumwa na mwenzangu. Moja ni lako. Moja ni la Stella, ameomba ulibandike kwenye hilo daftari unalomwandikia, lifike naye."

Langu nililipokea. Nililifungua fundo mbele yake nikasema nimesikia. Nikilikataa, nitasemaje Baba Yetu asubuhi? Lakini kupokea si kupona, na Ebenezeri nilimwambia hivyo hivyo.

Kisha nikamuuliza, "La Gladness liko wapi?"

Ebenezeri akajikuna shingo. "Nami nilimuuliza. Amesema yule ni mtoto."

Nikaita, maana nilijua yuko nyuma ya dirisha. "Baba Praygod! Mtoto alibeba aibu yako akiwa mtu mzima, sasa kwenye sale amekuwa mtoto?"

Nikasikia tu fimbo yake inaondoka kwenye saruji. Ni ile fimbo mpya ya mlimani inayokunjwa. Ndiyo kazi aliyoipatia.

Jumapili 1 Juni

Anga limefunguka leo na Kibo umeonekana wote, mweupe. Kesho naliweka daftari hili kwenye basi.

Dada, ukilifungua usitafute jani ndani. Nililiweka kati ya kurasa tangu juzi, kisha leo baada ya ibada nikalitoa. Nimemrudishia Baba Praygod mkononi mwake. Sale likishakufikia hutakuwa na la kusema. Itabidi umsamehe hata kama moyo haujafika huko. Sitaki ulazimishwe kutoka Mtwara, kwa kitu kilichosafirishwa kama maboksi yake, kimefika mlangoni na mwenyewe hakutoka kwenye kiti. Nimemwambia la kwako atakupa yeye, akikutazama usoni. Na kabla ya hilo kuna moja hajalikata bado, la kupeleka Masama. Mpaka naandika hivi, yuko barazani. Hajanyanyuka.

Neema nitamhamishia bandani kwako Julai ikiingia, awe wako. Ni mzee na maziwa yake ni kidogo, lakini ni wangu, nimemzalisha mimi, hakuna wa kuniuliza. Simtoi kwa niaba ya mtu. Sina ngozi ya Sifa ya kukuletea kichwani kama mama alivyofanya, nina karatasi hizi tu.

Hasira ni yako, uwe nayo kwa kadiri unavyoona. Kama hutaki kufikia kwetu ukirudi, niambie nikusafishie nyumba yako. Kama hutaki kuongea na mimi pia, hilo nalo niambie mwenyewe. Usikae kimya, dada yangu, kimya nimekipata cha kutosha masika hii.

Nijibu upesi, hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Elinipendo